Kuku Kumi na Wanane Wasiokuwepo

Nikijumlisha, jambo lenyewe limenigharimu Jumapili sita bila mgeni mezani, sufuria moja ya pilau ambayo sina uso wa kwenda kuidai, na salamu za watu wanne niliokuwa nikisalimiana nao kila asubuhi. Nimejumlisha mara mbili. Yeye hesabu yake bado haijafika.

Nafuga kuku wa mayai mtaa wa Mbotela, nyuma ya nyumba aliyopanga mama yangu tangu enzi za baraza la jiji. Kuku wakimaliza kutaga nawauza Soko la Burma, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya bucha mbili. Kukaa miaka yote hiyo katikati ya wauza nyama kumenifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza unaangalia kitu, mara ya pili unaangalia mkono wa anayekupa. Mtaani wananijua kwa hilo. Wateja hulalamika kwamba ukinunua trei moja kwangu utafika nyumbani chai imepoa.

Huyo ninayemsema alikuja Mbotela akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akapanga chumba mlango wa tatu kutoka kwangu. Mtu wa bara, wa kanisa, mpole, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Siku ya kwanza aliuliza bei ya yai, nikamtajia, akalipa. Hakupunguza hata shilingi. Nilimwongezea yai moja kwa huruma, kisha nikashinda siku nzima nikijiuliza anataka nini. Mtu asiyebishana bei hunitia wasiwasi.

Hakutaka chochote, au ndivyo nilivyoamini kwa miaka tisa. Alisoma hadi akaitwa daktari, na mtaa ukaanza kumpelekea watu wenye homa. Ilibidi awaeleze mmoja mmoja kwamba yeye ni daktari wa utafiti wa mifugo, hatibu mtu.

“Hata kuku hutibu?” nikamuuliza.

“Hata kuku, Mama.”

“Sasa unawafanya nini?”

“Nawalisha, nawahesabu, naandika.”

“Mimi pia nawalisha na kuwahesabu, na sijaitwa daktari.”

“Wewe huandiki,” akasema, na akajiongezea pilau.

Hata alipooa akahamia mtaa wa watu wenye geti, Jumapili alikuja kula kwangu. Mtoto wake alipozaliwa nilimpelekea mkewe pilau kwa sufuria yangu kubwa. Hiyo ndiyo sufuria ninayoisema.

Miaka minne iliyopita alikuwa na mradi. Alitaka kujua kama kuku wa mijini wakilishwa funza waliokaushwa wa nzi watataga kama wale wa chakula cha dukani. Akachagua wafugaji kumi na wawili wa mitaa yetu ya Eastlands, nami nikiwemo. Tulipewa magunia ya chakula na kadi ya kujaza mayai ya kila siku. Nilijaza mpaka kadi ikaisha, akaichukua, akashukuru, nami nikausahau mradi kabisa.

Mwaka huu akaja Jumapili moja na bahasha nene. Anaomba uprofesa. Chuo kinataka orodha ya kila makala aliyowahi kuchapisha, na fomu yenye visanduku vya kuweka alama.

“Mama, wewe unahesabu kuliko karani wetu,” akaniambia. “Nisomee orodha, mimi niweke tiki.”

Nikavaa miwani. Kizungu cha makala si kile cha redio, lakini nilisoma mpaka darasa la mwisho la sekondari, na kuku ni kuku kwa lugha yoyote. Nikasoma: sungura, kuku, mbuzi, kuku, bata mzinga, mbuzi tena. Nilipomaliza zilikuwa makala thelathini na moja. Nikarudia. Zikawa ishirini na tisa.

“Kuna mbili zimejirudia,” nikasema. “Ya sita na ya nane ni mbuzi walewale, umewabadilishia kichwa cha habari tu. Ya kumi na moja na ya kumi na nne vilevile.”

“Ya sita ni muhtasari wa mkutanoni. Ya nane ndiyo makala kamili. Inaruhusiwa, ina safu yake kwenye fomu.”

“Burma pia kuna mbuzi anauzwa asubuhi akiwa ananing’inia na jioni akiwa mshikaki. Lakini hatusemi ni mbuzi wawili.”

Akacheka, akazihamisha kwenye safu yake. Alizihamisha haraka mno. Mtu anayekubali kosa upesi hivyo, nilijiambia, ana jingine kubwa ambalo hataki ulifikie.

Namba ishirini na saba ilikuwa na jina refu kuliko zote.

“Hii nayo ina kuku wangapi?”

“Hiyo haina kuku wake, Mama. Ni meta-analisisi.”

“Ndiyo nini? Ugonjwa?”

“Unakusanya makala zote za watu waliolisha kuku funza, za hapa na za nchi nyingine, unazichanganya kwa hesabu upate jibu moja.”

“Kwa hiyo hukugusa kuku hata mmoja.”

“Hata mmoja.”

“Na makala yako mwenyewe umeitia humo?”

“Namba kumi na tisa imo, wale kuku wenu. Nikiiacha watasema naficha, nikiitia watasema najipendelea. Kwa hivyo wenzangu ndio walioamua, mimi nikakaa kando.”

“Na zote ni sawa? Ya kuku kumi na ya kuku elfu?”

“La. Kila moja ina uzito wake. Kwa kawaida yenye kuku wengi huwa nzito zaidi.”

Neno uzito halipiti masikioni mwangu hivihivi. Nimeona mizani Burma ikifanywa nzito kwa kidole gumba, kwa maji ndani ya kuku, na mara moja kwa sumaku. Nikamwomba aniachie namba kumi na tisa niisome. Akaniachia bila kusita, na hilo nalo nikaliweka akilini.

Ilikuwa na jedwali ukurasa wa tano. Wafugaji hatukutajwa majina, tulipewa namba, na mimi nilikuwa wa tatu. Nikafuata mstari wangu kwa kidole. Mayai yalikuwa sawasawa na daftari langu, sikupungukiwa hata moja. Lakini mayai kwa kila kuku yalikuwa machache kuliko ya wafugaji karibu wote. Kuku wangu, waliolisha nusu ya mtaa, walikuwa wameandikwa wavivu mbele ya dunia nzima.

Nikarudi nyuma safu moja. Idadi ya kuku: sitini.

Sijawahi kuwa na kuku sitini. Tundu langu lilitengenezwa na fundi wa jua kali wa kando ya barabara, lina orofa tatu, na kila orofa inakaa kuku kumi na wanne. Ukimtia wa kumi na tano, mmoja atatobolewa jicho kabla ya adhuhuri. Kumi na wanne mara tatu ni arobaini na wawili. Nikaenda nyuma ya nyumba nikahesabu orofa, kana kwamba moja ingeweza kuwa imeporomoka bila mimi kujua. Zilikuwa tatu.

Kwa hiyo kuku kumi na wanane waliongezwa, na wa kuwaongeza nilimjua mmoja tu: mtu anayetaka uprofesa, anayehitaji makala yake iwe nzito ndani ya ule mchanganyiko wa namba ishirini na saba. Mambo yakapangika kichwani vizuri sana. Upole wake wa miaka tisa ukapata maana. Hata kuvua viatu mlangoni kukaanza kunuka.

Jumapili iliyofuata nilimtumia ujumbe kwamba nina harusi. Iliyofuata, matanga. Kufikia ya nne nilikuwa nimemaliza sherehe zote za dini yangu na nimeingia za dini yake. Jioni nilikaa na lile jedwali nikimtafutia makosa mengine. Nilijumlisha kila safu. Zote zilikuwa sahihi, na usahihi huo ukaniudhi zaidi, kwa sababu mwizi mzuri hujumlisha vizuri.

Jumapili ya sita ilipita, na Jumatatu yake akanitokea Burma, mchana, kibandani.

“Mama, umenipotea.”

“Sijapotea. Niko hapa, tena niko mmoja. Ungeandika wewe tungekuwa wawili.”

Mwenye bucha wa kushoto akaacha kupiga shoka. “Leo ni leo,” akasema.

“Sijaelewa, Mama.”

Nikatoa jedwali kutoka chini ya mizani, nikaliweka kaunta. “Mfugaji wa tatu. Soma.”

“Kuku sitini.”

“Nilikuwa nao arobaini na wawili. Wale kumi na wanane uliwatoa wapi, Daktari? Walitaga? Au kazi yao ilikuwa kukaa tu kwenye mizani?”

Alilisoma jedwali lile kama mtu anayelisoma mara ya kwanza. Kisha akasema polepole, “Unafikiri niliwaongeza.”

“Sifikirii. Nahesabu.”

“Wiki hizi zote, hizo harusi na matanga...”

“Mbili zilikuwa za kweli,” nikasema. Haikuwa kweli, ilikuwa moja.

Akaondoka bila kuaga. Mwenye bucha akanipongeza, akanipa mfupa wa supu. Kesho yake saa tatu asubuhi Daktari akarudi na faili, akafungua, akaniwekea mbele kadi ya manjano iliyopauka. Kadi yangu. Juu kabisa, kwenye nafasi ya idadi ya kuku mwanzoni mwa mradi, paliandikwa sitini. Sita yangu naijua, ina mkia uliojikunja kama wa mjusi. Chini yake, sahihi yangu.

Hapo siku ile ikanirudia yote. Alisimama mlangoni mwa banda na mifuko ya plastiki imefungwa juu ya viatu. Alikuwa ametoka kwenye mabanda mengine na alikataa kuingia, asije akatuletea ugonjwa kwa nyayo zake. Alikuwa na sheria hiyo kwa wafugaji wote.

“Una kuku wangapi, Mama? Chakula kitaletwa kwa hesabu ya vichwa.”

“Sitini,” nikasema, na nikangoja.

Nilingoja kwa sababu kwetu sitini huwa ndiyo kwanza mazungumzo yanaanza. Alipaswa kuguna na kusema, “Sitini kwa banda hili, Mama? Sema thelathini.” Mimi ningejifanya nimeumia, yeye angecheka, nami ningeshuka mpaka arobaini na wawili, ambao ndio walikuwepo, na kila mtu angelala ameridhika. Yeye alisema, “Asante sana,” akanipa kalamu niandike.

Sasa ningefanya nini? Katika maisha yangu yote sijawahi kushusha bei ambayo mteja ameshaikubali. Mkono haujui njia hiyo. Nikaandika sita na sifuri, chakula cha sitini kikaja, kuku arobaini na wawili wakanenepa, na kile cha ziada nikakichukulia kama zawadi ya mtu asiyejua kununua.

“Kwa nini hukuhesabu?” nikamuuliza, kwa sauti ambayo mwenye bucha asingeisikia.

“Wengine nilichungulia kidogo kutoka mlangoni, nikaamini walichoniambia. Kwako sikuchungulia. Mama, nani anahesabu baada yako?”

Ningependelea anitukane.

Hakunitukana. Alivuta stuli, akaketi, akaanza kufikiri kwa sauti, kama anavyofanya akishiba. Mfugaji mmoja kati ya kumi na wawili, akasema, ni kosa la kurekebishika. Ataliandikia jarida sahihisho, mahesabu yatarudiwa, na wenzake wa namba ishirini na saba watajulishwa. Kwenye mahojiano ya uprofesa atalitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. “Mtu akijisahihisha wanamheshimu,” alisema. Akacheka hata kidogo. “Tena kuku wako watapanda daraja. Hawatakuwa wavivu.”

Alipokuwa akiinuka akauliza, “Na wale wengine kumi na mmoja, unaonaje? Wako sawa?”

“Wengine siwajui,” nikasema.

Nawajua wote. Watu wa sokoni, kama mimi. Ndiyo maana nilipofunga kibanda sikwenda nyumbani.

Wa kwanza ni mama mwenye duka la makaa hapohapo Mbotela.

“Ule mradi wa funza, uliandikisha kuku wangapi?”

“Themanini.”

“Na walikuwa?”

“Kwani wewe ni kanjo, askari wa jiji?”

“Mimi ni mfugaji wa tatu.”

Akanipima kwa macho. “Thelathini na watano. Na mayai nikaongeza kidogo, ili yafanane na themanini. Sikutaka kumwaibisha Daktari.”

Wa pili ni kijana anayefuga juu ya dari karibu na Jogoo Road, mwenye simu mbili na kofia moja.

“Niaje, mathe,” akanisalimia.

“Poa. Kuku wa mradi, uliandika wangapi?”

“Ishirini.”

“Walikuwa ishirini?”

“Zii, walikuwa mia na kitu. Si alikuja na fomu yenye mhuri? Nikajua ni wa kaunti, wanataka kutozana leseni. Na mayai nikaandika kwa kipimo cha ishirini. Mathe, mimi si fala.”

Wa tatu alikuwa ameandika hamsini kwa sababu jirani yake aliandika arobaini na tano. Wa nne alihesabu na vifaranga walioagizwa lakini hawakuwahi kufika. Kwa siku tatu niliwafikia tisa, wengine wawili wamehama. Kati ya hao tisa, pamoja na mimi wa kumi, aliyesema kweli ni mmoja tu: mzee mstaafu wa reli anayekaa Makongeni. Alikuwa amewapa kuku wake majina ya manabii, akamsomea Daktari majina hayo yote ishirini na mawili, na Daktari kwa adabu yake akayaandika yote pembeni mwa kadi.

Nina karatasi sasa. Upande wa kushoto namba zilizoandikwa, wa kulia kuku waliokuwepo. Nimewauliza wote mara mbili, siku tofauti, na majibu hayakubadilika. Wanne kati yao walipoelewa kwamba naandika waliacha kunisalimia. Mama wa makaa alinifuata hadi sokoni.

“Unataka tuonekane wezi wa chakula cha kuku?”

“Sijasema wezi.”

“Utasema nini basi? Na nasikia kuna mradi mwingine unakuja, wa mbuzi. Ukitoa hiyo karatasi, nani atakuja Eastlands tena? Watapeleka kwa watu wa mashamba makubwa, hao wasiojua hata kuongopa.” Akashusha sauti. “Tena Daktari ni mtoto wetu. Mwache apate cheo chake.”

Hilo la mwisho ndilo lililonigusa, kwa sababu mimi ndiye niliyemshuku. Wiki sita nilimtafuta mwizi mmoja mwenye shahada, na kumbe alikuwa mtu pekee kwenye jambo zima aliyeandika hasa alichoambiwa. Nikiendelea kushuku, na siwezi kuacha ghafla, basi najishuku mimi. Je, niliwazungukia wale tisa kwa ajili ya ukweli, au ili nisiwe peke yangu kwenye jedwali?

Nimejaribu kupiga hesabu yake. Nikimpa karatasi, namba kumi na tisa haisahihishwi tena, inaondolewa. Namba ishirini na saba inapimwa upya bila hiyo, na hakuna ajuaye itasimama wapi. Hizo, aliwahi kuniambia, ndizo makala mbili ambazo watafiti wengine huzitaja zaidi. Atakwenda mbele ya jopo la mahojiano na orodha yenye mapengo mawili na maelezo marefu. Nisipompa, ataapa mbele ya maprofesa kwamba mfugaji mmoja tu ndiye aliyekosea, na kiapo hicho kitakuwa cha uongo wangu kinywani mwake. Na mahali fulani, sijui wapi, kuna mtu anayelisha kuku wake funza kwa kufuata jibu tulilolipika sisi.

Jopo limesogezwa hadi mwezi ujao. Juzi alinipigia simu, sauti nyepesi, kusema jarida limekubali kupokea sahihisho la mfugaji wa tatu, na anataka nisome barua yake kabla hajaituma. “Ihesabu, Mama,” alisema. Barua ninayo hapa. Inasema wafugaji wengine kumi na mmoja hawakuwa na kasoro.

Nimeuliza hapa mtaani na kila ninayemuuliza ana kuku ndani ya jambo hili. Kwa hiyo nakuomba ushauri wewe usiye na kuku. Nimrudishie barua pamoja na karatasi, kabla hajaituma na kabla ya jopo, ajue mwenyewe na aamue? Au nisubiri apewe cheo, ndipo nimwambie, akiwa na nguvu ya kulibeba? Na kama ni kumpa sasa, nianzie wapi: na themanini wa mama wa makaa, au na lile jibu langu pale kibandani, kwamba wengine siwajui?